Ukuta Ulio Hai

Muuguzi alimfunga mama mdogo mkanda wa kupimia tansiyo juu ya kiwiko cha mkono wa kushoto, akaujaza hewa hadi mshale ukasimama kwenye 105, kisha akaitazama saa yake na kunyamaza. Tansiyo yenyewe alikuwa ameshaipima, 130 kwa 80, kwa hiyo nilidhani amesahau kufungulia hewa. Nilipomwashiria kwa jicho alitikisa kichwa. "Dakika tano," alisema kwa upole. "Mama, vumilia kidogo."

Dakika tano ni nyingi mno ukitazama mkono wa mtu unayempenda ukibadilika rangi. Tulikuwa katika kituo kidogo cha afya huko Kadutu, mjini Bukavu, Kongo, chenye dirisha linalotazama mabati ya nyumba zilizo chini ya kilima, na mvua ilikuwa imetunyeshea njiani kiasi kwamba nililazimika kumshika mama mdogo mkono wa kulia kwa nguvu tulipopanda zile ngazi za udongo zinazoteleza. Sasa alikuwa ameketi, kitenge amekikusanya magotini, akiuangalia mkono wake kana kwamba ni wa mgeni.

Hewa ilipofunguliwa, muuguzi alisubiri tena kidogo, akachukua kalamu ya bluu, akachora mraba chini ya kiwiko, upande wa ndani, wenye ubavu wa kama sentimita mbili na nusu. Ndani ya mraba kulikuwa na vidoa vyekundu, kila kimoja kama ncha ya sindano. Havikuwapo dakika kumi kabla. Alivihesabu kwa ncha ya kalamu bila kuigusa ngozi, akafika 17.

"Zaidi ya kumi, daktari."

Daktari, ambaye alikuwa na karatasi zote za maabara mbele yake, alizikunja mara mbili na kuziweka kando kama mtu aliyemaliza kula. "Damu ya mama haina kosa," alisema. "Tuutazame ukuta wa mishipa."

Sentensi hiyo imenikaa kichwani kwa wiki sita.

Nyepesi na nzito

Kwetu hukumu ya mambo haya huwa tayari kabla ya kesi kusikilizwa. Anayevilia damu bila kugongwa, au anayetoka muhina kila mara, damu yake ni nyepesi. Aliyepooza upande mmoja, damu yake ilikuwa nzito. Katika ukoo wetu tunao wote wawili. Mjomba wangu humeza kidonge kidogo cha aspirini kila asubuhi kwa ajili ya uzito wa damu, na mama mdogo, kwa muda wa miaka mitatu, alikuwa akila lengalenga, maini na betiravu ili yake ipate kushika.

Mabaka yake yalianza kwenye mikono, upande wa nje, kati ya kiwiko na kifundo. Yalikuwa na rangi ya divai, yenye kingo zilizo wazi kama ramani ya kisiwa, na yalitokea kwa mambo madogo sana: kamba ya mkoba iliyoteleza, mjukuu aliyemrukia, mlango wa gari uliomgusa tu. Jirani mmoja wa parseli yao alianza kumjibu baba mdogo salamu kwa ubaridi, na sote tulielewa alichokuwa akikidhani. Baba mdogo hakusema neno. Alianza tu kuchelewa kurudi nyumbani, ili asipite ua likiwa limejaa watu.

Karatasi za maabara zilisema nini? Chembe sahani, zile zinazoshikana kuziba jeraha, zilikuwa 238,000 kwa kila mikrolita ya damu, katikati kabisa ya kipimo cha kawaida, ambacho ni kati ya 150,000 na 400,000. Vipimo viwili vya muda wa kuganda vilikuwa sawa. Figo na ini vilikuwa sawa. Kwa mujibu wa karatasi, mwanamke huyu hakupaswa kuwa na baka hata moja.

Mimi nafundisha biolojia. Kwa miaka 11 nimekuwa nikichora moyo ubaoni, kisha natoa mstari mmoja kwa chaki nyekundu na mwingine kwa chaki ya bluu, naandika majina, naendelea na somo. Mistari ile ndiyo mishipa. Hakuna mwanafunzi aliyewahi kuniuliza mstari umetengenezwa kwa kitu gani.

Wala mimi sikujiuliza.

Kioo

Kilichonisumbua kwanza kilikuwa ni karatasi zenyewe, kwa sababu nilizoea kuziamini. Nilirudi kwenye vitabu vyangu vya zamani kutafuta kipimo cha kuganda kinapima nini hasa. Damu hutolewa na kuwekwa katika kijichupa chenye sitrati, ambayo huishika kalisi ili damu isigande. Chembe hutengwa, hubaki maji yake, yaani plasma. Kisha kalisi hurudishwa pamoja na kichochezi, na mashine huhesabu sekunde hadi nyuzi zionekane. Ni kazi safi na yenye manufaa makubwa. Lakini wakati wote huo ukuta wa mshipa umebaki nyumbani, ndani ya mkono wa mgonjwa. Tumeiuliza damu inavyoishi na chupa.

Na chupa si shahidi asiyeegemea upande. Wahudumu wa afya wa vijijini wanalijua hilo kuliko sisi wa mjini, kwa sababu ya nyoka. Mtu akiumwa na kifutu, humtoa damu kidogo, mililita mbili hivi, huiweka katika kijichupa cha kioo kilicho kikavu, huiacha dakika 20 bila kuitikisa, kisha hukiinamisha. Ikimwagika kama maji, sumu imekwisha kuharibu uwezo wa kuganda. Kipimo hicho hutaka kioo na si plastiki, tena kioo ambacho hakijaoshwa kwa sabuni, kwa kuwa ni uso wa kioo chenyewe unaoichokoza damu hadi igande. Sumu hiyo hiyo ya kifutu, niseme kwa kupita, huwa na vimeng'enya vinavyotafuna utando unaoshikilia kuta za mishipa midogo, kwa hiyo mgonjwa anaweza kuvuja kwa njia mbili kwa wakati mmoja.

Nilipokuwa mtoto nilipelekwa machinjioni mara moja, siku ya kuandaa harusi. Ninachokumbuka ni kijana aliyekuwa ameinamia beseni la damu, akiikoroga kwa kijiti bila kupumzika, na kila alipokiinua kijiti kilikuwa kimezungukwa na nyuzi nyeupe zinazonata, ambazo alizivua kwa vidole na kuzitupa. Alikuwa akiondoa fibrini, nyuzi zinazoifanya damu igande, ingawa hakuhitaji jina hilo. Beseni la pili, ambalo hakuna aliyelikoroga, lilikuwa limeshakuwa kama maini kabla hatujamaliza kuzungumza na mwenye ng'ombe.

Mnamo mwaka 1857 Ernst Brücke aliona kwamba damu iliyobaki ndani ya moyo wa kobe hukaa majimaji kwa muda mrefu, ilhali ile iliyotolewa huganda, na akasema sababu ni ukuta wenyewe ulio hai. Mwaka 1863 Joseph Lister, yule yule ambaye baadaye aliwafundisha madaktari wa upasuaji kuua vijidudu kabla ya kukata, alisimama mbele ya wanasayansi wa London na kueleza majaribio aliyoyafanya kwa mishipa ya shingo ya wanyama wakubwa waliokwisha kuchinjwa: damu ndani ya kipande cha mshipa ilikuwa haigandi, na ile iliyoguswa na kioo iliganda. Mnyama amekufa, na ukuta ulikuwa bado unafanya kazi.

Hapo ndipo swali langu lilipogeuka. Nilikuwa nikiuliza damu huganda namna gani. Sasa naona la ajabu ni kwamba haigandi, usiku kucha, mwaka hadi mwaka, ikipita katika njia nyembamba kuliko unywele.

Tabaka moja la seli

Upande wa ndani wa kila mshipa, kutoka ule mkubwa unaotoka moyoni hadi kapilari ya ncha ya kidole, kuna tabaka moja tu la seli zilizolala bapa kama vigae. Jina lake ni endotheliamu. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kuwa ni ngozi ya ndani tu, kama plasta ya ukutani, na nikiri kwamba ndivyo nilivyokuwa nikiieleza darasani katika dakika mbili za mwisho za kipindi.

Aliyeibadilisha picha hiyo alisaidiwa na kosa. Robert Furchgott, huko New York, alikuwa akitumia vipande vya mshipa mkuu wa sungura na dawa za jamii ya asetilikolini, na kila mara vipande vyake vilijikunja. Siku moja mwaka 1978 vililegea. Alitafuta tofauti iko wapi, akagundua kwamba katika maandalizi ya kawaida upande wa ndani wa mshipa ulikuwa ukisuguliwa bila kukusudia na seli zake kung'oka. Safari hii zilikuwa zimesalimika. Mwaka 1980 alitangaza kwamba endotheliamu hutoa kitu kinachoulegeza mshipa, na baadaye kitu hicho kikatambuliwa kuwa ni gesi, oksidi ya naitrojeni. Tuzo ya Nobel ilifuata mwaka 1998, akishirikiana na wenzake wawili.

Gesi hiyo pia huzituliza chembe sahani zisishikane. Kuna kemikali nyingine, prostasaiklini, iliyogunduliwa mwaka 1976 na kundi la John Vane, ambayo hufanya kazi hiyo hiyo kwa nguvu zaidi. Ninayoipenda kuliko zote, ikiwa mwalimu anaruhusiwa kuipenda protini, ni thrombomodulini. Hukaa juu ya ukuta na kuikamata thrombini, ambayo ndiyo inayoongoza kazi ya kugandisha, na ikishaikamata huigeuza kazi yake: thrombini iliyoshikwa huiamsha protini C, ambayo huzima moto ule ule thrombini iliokuwa ikiuwasha. Ni kama mwizi aliyekamatwa mtaani na kupewa filimbi ya mlinzi.

Ukuta ukikatwa, mambo hugeuka ghafla. Chini ya vile vigae kuna kolajeni, yaani nyuzi imara za protini, na zaidi ya hapo kuna seli zenye kichochezi cha kugandisha ambacho damu haipaswi kukiona siku za kawaida. Damu ikikiona, hufunga. Kwa hiyo ukuta ule ule unaozuia bonge ukiwa mzima ndio unaoliita ukijeruhiwa, na bomba la maji, ambalo nimelitumia kama mfano kwa miaka 11, halifanyi hata moja kati ya hayo mawili.

Hata aspirini ya mjomba inaeleweka vizuri zaidi ukiutazama ukuta. Dawa hiyo huzima kimeng'enya kimoja katika chembe sahani na pia katika ukuta, lakini chembe sahani haina kiini, haiwezi kutengeneza kimeng'enya kipya, na hubaki imezimwa kwa siku zake zote, saba hadi kumi. Seli ya ukuta inacho kiini. Hutengeneza kingine na kuendelea na prostasaiklini yake. Dozi ndogo inafaa kwa sababu ya tofauti hiyo, wala damu ya mjomba haijawa nyepesi hata kidogo.

Msichana wa visiwani

Nilitaka sana kuishia hapo, na damu upande huu, ukuta upande ule. Kisha nikakutana na Erik von Willebrand.

Mwaka 1924, daktari huyu wa Helsinki aliletewa msichana wa miaka mitano kutoka visiwa vya Åland, mtoto wa familia ambayo ilikuwa imeshazika mabinti wengine kwa sababu ya kutokwa damu. Aliwafuatilia watu 66 wa ukoo huo na kukuta 23 wenye tatizo hilo, wanawake kwa wanaume, jambo ambalo halikufanana na hemofilia, ugonjwa wa damu isiyoganda vizuri unaowapata hasa wavulana. Chembe sahani zilikuwa za kutosha. Muda wa kuganda chupani ulikuwa wa kawaida. Lakini jeraha dogo lilivuja na kuvuja. Alipoandika mwaka 1926 alishuku chembe sahani zenyewe zikishirikiana na ukuta wa mishipa. Msichana yule alikufa akiwa na miaka 13, katika hedhi yake ya nne.

Miaka ya 1950 wataalamu wa Sweden walionyesha kwamba wagonjwa wa aina hiyo hupata nafuu wakipewa sehemu fulani ya plasma ya mtu mzima wa afya. Basi, kosa liko katika damu. Von Willebrand alikuwa amekosea kuushuku ukuta. Ndivyo nilivyosoma, na nikahisi nadharia ya daktari wetu wa Kadutu inaporomoka pamoja naye.

Lakini mwaka 1973 seli za endotheliamu zilizotolewa kwenye mshipa wa kitovu cha watoto wachanga zilikuzwa maabara, na zikaonekana zikitengeneza protini hiyo iliyopungua. Hata ghala lake lilikuwa limeshaonekana bila kutambuliwa: mwaka 1964 Ewald Weibel na George Palade waliona vijiti vidogo ndani ya seli za ukuta, wakavichora, na kazi yake haikujulikana hadi 1982, ilipothibitika kwamba ndimo protini ya von Willebrand inamohifadhiwa. Sehemu yake hutoka pia kwa seli mama za chembe sahani. Kazi yake ni kama gundi: hunyooka kama uzi mrefu juu ya kolajeni iliyofichuliwa na kuzinasa chembe sahani zinazopita kwa kasi.

Ugonjwa wa damu, basi, ambao kiungo chake kinachokosekana hutengenezwa ukutani. Nilifunga daftari usiku ule nikiwa sijui tena mpaka uko wapi, na mpaka sasa sina hakika kwamba upo.

Mikono inayoshika ukuta

Ukiishi Bukavu, mtu akitokwa na damu puani mbele za watu, kuna jina moja ambalo hakuna anayelitamka na kila mtu analifikiria. Mlipuko wa Ebola uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 huko Kivu Kaskazini ulidumu hadi tarehe 25 Juni 2020, ukaua zaidi ya watu 2,280, na mwezi Agosti 2019 ukagusa hata Mwenga, katika mkoa wetu. Tulinawa mikono kwa maji yenye klorini kila mlangoni. Hata hivyo, wagonjwa wengi wa Ebola hawatokwi na damu nyingi. Kinachowaua mara nyingi ni ukuta wa mishipa unaovujisha maji, tansiyo inayoshuka na viungo vinavyokosa damu, wakati kugandisha kukiwa kumewashwa ovyo mwilini hadi akiba yake inakwisha.

Malaria, ambayo tumeizoea kiasi cha kuidharau, hufanya jambo la karibu zaidi na habari hii. Chembe nyekundu iliyoingiwa na Plasmodium falciparum huotesha juu yake protini inayonata, na kwa protini hiyo hujishikiza kwenye endotheliamu ili isipelekwe kwenye bandama na kuharibiwa. Mwaka 2013 ilionekana kwamba katika malaria kali ya watoto, mahali panaposhikwa ni kipokezi kile kile ambacho protini C hukihitaji ili iamshwe vizuri. Yaani kimelea huning'inia kwenye kitasa cha mlango ambao mlinzi hupitia. Katika mishipa midogo ya ubongo mabonge huanza kuota na ukuta huvuja, na mama aliyebeba mtoto mgongoni kutoka Bagira usiku huona degedege tu.

Nimewafundisha wanafunzi mzunguko wa mbu na ini na chembe nyekundu, kwa mishale. Mishale yangu yote ilipita juu ya ukuta bila kuugusa.

Udongo nyuma ya ukuta

Kuna jambo daktari aliuliza siku ile ambalo nimelikwepa mpaka hapa.

Kwanza niseme juu ya kolajeni. Kapilari yenyewe ni dhaifu sana. Inachokiegemea ni ule mchanganyiko wa nyuzi unaoizunguka. Anayeishi kwenye miteremko ya Kadutu na Funu hahitaji kuelezwa: nyumba hupasuka matofali yake yakiwa mazima, kwa sababu udongo uliokuwa ukiishikilia umeondoka. Mabaharia wa zamani waliokosa matunda walivuja damu kwenye fizi na kuzunguka mizizi ya nywele kwa sababu hiyo, kwa kuwa mwili hauwezi kusuka kolajeni imara bila vitamini C. James Lind aliwagawa 12 kati yao mwaka 1747 kwa tiba mbalimbali, na wawili waliopewa machungwa na malimau ndio waliopona upesi. Wako pia wanaozaliwa na mishipa iliyoungwa vibaya, ateri ikiingia moja kwa moja kwenye vena bila kapilari katikati, takriban mtu 1 kati ya 5,000, ambao hutoka muhina maisha yao yote na huwa na vidoa vyekundu midomoni na kwenye ulimi. Chupani, damu yao hupita mtihani.

Daktari hakuuliza juu ya machungwa. Aliugeuza mkono wa mama mdogo, akaivuta ngozi kidogo kwa vidole viwili, ikainuka kama karatasi ya sigara, na mishipa ya chini ikaonekana kijani kibichi.

"Mama, unapaka nini?"

Mama mdogo aliutazama mlango. Mimi nilitazama sakafu, kwa sababu jibu nilikuwa nalijua kuliko yeye. Tyubu nne kwa mwezi, za rangi nyeupe, zenye maandishi madogo ubavuni: klobetasoli 0.05%. Ni mimi niliyekuwa nikizinunua sokoni Kadutu kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, kwa sababu yeye goti lilimuuma na mimi nilikuwa na njia. Miaka saba. Nilikuwa naziita mafuta ya mama.

Klobetasoli ni kortikosteroidi, na katika dawa za aina hiyo za kupaka ni miongoni mwa zenye nguvu kuliko zote. Ni dawa nzuri mikononi mwa daktari wa ngozi, kwa wiki mbili, mahali padogo. Ikipakwa mwili mzima kila siku huzizuia seli zinazosuka kolajeni; ngozi hukonda, nyuzi zinazoshikilia kapilari hupungua, na msuguano wa kamba ya mkoba unatosha kuzipasua. Umri na jua huongeza yao. Damu iliyomwagika hukaa pale chini, na badala ya kupita katika zile rangi za kawaida za mvilio, kijani kisha njano, huacha doa la kahawia la madini ya chuma.

Lililonichoma zaidi nililisoma baadaye. Mwaka 1962 McKenzie na Stoughton walipata njia ya kupima nguvu ya dawa hizi: walizipaka kwenye mikono ya watu na kuangalia ngozi inavyopauka, kwa sababu steroidi huibana mishipa midogo, na kadiri dawa inavyobana ndivyo ngozi inavyokuwa nyeupe. Njia hiyo inatumika hadi leo kupanga dawa hizi kwa daraja. Ule mng'ao wa wiki ya kwanza, ambao wanawake wa kanisani walimsifia mama mdogo na ambao mimi pia nilimsifia, sehemu yake ilikuwa ni mishipa iliyokabwa. Tulikuwa tukiusifia ukuta unapoumia.

Nimejiuliza mara nyingi kama nilikuwa na haki ya kuandika haya. Nilimuuliza mwenyewe, akasema niandike, mradi nisiandike jina lake na nisimfanye mjinga. Si mjinga. Alifanya biashara ya vitenge kwa miaka 30 katika mji ambao mteja huutazama uso wa muuzaji kabla ya kutazama kitambaa, na hesabu yake aliipiga mapema kuliko mimi.

Kalamu ya bluu

Hakuruhusiwa kuacha ghafla. Dawa iliyopakwa mwili mzima kwa miaka hupenya hadi kwenye damu, na tezi zilizo juu ya figo huzoea kukaa bila kazi. Ukiondoa yote siku moja, mwili unaweza kuishiwa nguvu kwa namna ya hatari. Daktari alimpangia hatua, na dawa dhaifu zaidi ya kushukia, na akamwambia baba mdogo, mbele ya kila mtu, kwamba mabaka haya hayakuletwa na mkono wa mtu. Baba mdogo aliomba aandikiwe hilo kwenye karatasi. Daktari alicheka, kisha akaona kwamba hatanii, akaandika.

Jumamosi ya kwanza ya mwezi huu nilipita sokoni kununua sombe. Muuzaji aliniona kwa mbali, akainama chini ya meza, akatoa mfuko mweusi uliokwisha kufungwa. Nilimwambia sihitaji. Aliniuliza kama mama amehama au amefariki.

Jumapili nilienda kumwona. Alikuwa amekaa uani na kalamu ya bluu ya mjukuu wake, mikono yote miwili juu ya meza, akiyazungushia mstari madoa yaliyobaki ili aone kama kuna jipya litakalotokea wiki hii. Alinionyesha moja baada ya jingine, akilitaja kila moja kwa aliyelileta. Hili la mkoba. Hili la mlango wa gari. Hili la yule mtoto mkorofi. Kwenye mkono wa kulia, juu kidogo ya kifundo, kulikuwa na moja la kahawia, refu na la mviringo, lenye umbo la kidole gumba, na mengine madogo manne upande wa chini.

Alilizungushia mstari polepole.

"Hili ni lako, mwanangu," alisema. "La siku ile ya ngazi."